Usiifute Mishindo Kabla Hujaichunguza

Ukianza kuunda modeli za kelele za mshindo, yaani zile zinazolipuka ghafla kwa muda mfupi, utashawishika kufuta sampuli zilizochomoza. Mimi nilizifuta. Nilikuwa napima kelele kwenye nyaya za umeme zinazobebeshwa data, nikaona vilele virefu, nikadhani kifaa cha kupimia kina hitilafu. Kelele iliyobaki ilikaa sawasawa kwenye mgawanyo wa Gauss, ule wenye umbo la kengele. Kipokezi nilichokibuni juu yake kilifaulu kila jaribio la kompyuta, ila kilipofungwa kwenye waya kikapoteza data kila swichi ilipowashwa.

Hesabu moja ingeniokoa. Kwenye Gauss, sampuli huvuka mara 5 ya mkengeuko sanifu (kipimo cha kawaida cha mtawanyiko) takriban mara moja katika sampuli milioni 1.7. Ukizikuta kadhaa ndani ya sampuli 10,000, hiyo ndiyo kelele yenyewe unayotakiwa kuieleza.

Kwa hiyo chora kwanza. Tazama varianzi, yaani mraba wa mkengeuko sanifu, inavyokwenda kadiri sampuli zinavyoongezeka. Ikitulia, jaribu modeli ya Middleton ya Daraja A, inayoichukulia kelele kuwa mchanganyiko wa Gauss zenye varianzi tofauti. Parameta yake A ikiwa ndogo, mishindo ni michache na kelele iko mbali na Gauss. Varianzi ikizidi kuruka kila mshindo mkubwa unapofika, fikiria mgawanyo thabiti wa alfa, ambao namba alfa huonyesha uzito wa mkia, yaani thamani kubwa mno hutokea mara ngapi. Hapo uwe mwangalifu: alfa ikishuka chini ya 2, varianzi haina kikomo, na ule uwiano wa nguvu ya ishara kwa kelele uliouzoea unapoteza maana. Pima mtawanyiko kwa mediani ya umbali wa sampuli kutoka katikati.

Lakini linalowaponyoka wengi ni kumbukumbu ya kelele. Vuruga mpangilio wa sampuli zako kwa nasibu: histogramu haitabadilika hata chembe, ilhali mchoro wa muda utakuwa kitu kingine kabisa. Mishindo huja kwa makundi, na kundi moja laweza kuangusha msimbo wa kusahihisha makosa uliobuniwa kwa makosa yaliyotawanyika. Kwenye umeme wa hezi 50, mingine hurudi kila milisekunde 10, mara mbili kwa kila mzunguko. Ndiyo maana siku hizi naanza na mnyororo wa Markov, modeli ambamo hali ijayo hutegemea hali ya sasa, wenye hali mbili, utulivu na mshindo, kisha ndipo nashughulikia uzito wa mkia.

Na kabla ya kuuamini mkia huo, hesabu sampuli zilizogota kwenye thamani ya juu kabisa ya kigeuzi cha kidijitali, kifaa kinachogeuza ishara kuwa namba. Zikiwa nyingi, vilele vilikatwa wakati wa kupima. Punguza ukuzaji, upime upya.