Andika Saa, Siyo Hisia Tu

"Leo siku imekuwa mbaya, nimechoka." Sentensi kama hii ukiikuta kwenye shajara yako baada ya miezi mitatu haikuambii kitu. Iandike hivi: "Saa 9 alasiri bosi amenirudishia ripoti kwa mara ya tatu. Nimenyamaza. Sikula mchana. Kichwa kinauma tangu saa 11." Ukishakuwa na kurasa za namna hiyo za wiki nne, pengine utagundua kwamba kichwa huuma siku ulizoruka mlo, hata zile ambazo bosi hakuwepo. Ukitegemea kumbukumbu peke yake hutalijua hilo, maana ugomvi hukumbukwa na njaa husahaulika. Hata daktari akikuuliza maumivu yalianza lini na hukaa muda gani, utamjibu kwa tarehe.

Mambo mazito yana utaratibu wake. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Walioandika tukio lililowaumiza pamoja na hisia zao walikwenda kituo cha afya cha chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Kinachosahaulika ni kwamba mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Kwa hiyo weka kikomo cha dakika 15 au 20, na usifanye kazi hiyo ukiwa tayari kitandani.

Kosa kubwa hapa ni kuzunguka palepale. Ukiona siku ya tano unaandika lawama ileile kwa maneno yaleyale, badilisha swali: yule unayemlaumu aliliona vipi jambo hilo? Kilichotangulia ni nini? Au jiandike kwa jina lako, kana kwamba unasimulia habari za mtu mwingine. Utashangaa jinsi hasira inavyopungua makali. Kama kuandika kunakunyima usingizi au kukufanya ushindwe kazi, weka kalamu chini umtafute mshauri nasaha.

Kitandani panafaa kitu kingine: orodha ya kazi za kesho. Katika utafiti wa 2018 wa Chuo Kikuu cha Baylor, vijana 57 waliandika kwa dakika tano kabla ya kulala. Walioorodhesha wanayopaswa kufanya walipata usingizi mapema kwa takriban dakika 9 kuliko walioorodhesha waliyokwisha kufanya, na orodha zilizoingia kwa undani zilisaidia zaidi.

Daftari la kawaida linatosha. Lile la jalada la ngozi hutisha. Mtu huogopa kulichafua. Tarehe na saa juu, dakika kumi, baada ya jambo unalolifanya kila siku kama kupiga mswaki. Ukiruka siku sita usizifidie. Andika tarehe ya leo uendelee, kwa sababu deni la kurasa ndilo linalowafanya wengi waache.

Acha nafasi pembeni ya ukurasa kwa ajili ya kusoma tena. Mwisho wa mwezi pitia kwa nusu saa, ukiandika hapo kwa wino wa rangi nyingine. Uamuzi mkubwa upe ukurasa wake: umeamua nini, kwa nini, unatarajia nini, utaukagua tarehe gani. Tukishaona matokeo, akili hujidai ilijua tangu mwanzo. Ukurasa huo utaiumbua.

Halafu kuna siri. Ukihofia kusomwa utaandika uongo, na shajara ya uongo ni kupoteza wino. Samuel Pepys wa London aliandika yake kwa hatimkato, yaani mwandiko wa alama za mkato, kuanzia 1660 hadi 1669. Wewe unaweza kutumia herufi badala ya majina, au kuandika lile zito kwenye karatasi ya pembeni na kuichana ukimaliza.