Kupaka nondo za faiba rangi ya kuzuia moto: inasaidia wapi, haisaidii wapi

Mleta mada, umeuliza hivi: nondo za faiba za mm 12 zinaingia kwenye slabu iliyo juu ya tanuri la mikate, na muuzaji anasema ukizipaka rangi ya kuzuia moto huna la kuogopa. Lipo la kuogopa.

Chuma hubaki na karibu nusu ya nguvu yake hata kikifika 550 °C. Nondo ya faiba ni nyuzi za kioo zilizoshikwa pamoja na resini, yaani gundi iliyokauka. Nyuzi za kioo nazo si legelege kwenye joto. Kinacholegea ni hiyo resini. Resini ya vinilesta, inayotumika sana kwenye nondo hizi, hulainika kwenye 100–120 °C tu, na ikilowa unyevu hulainika mapema zaidi. Hapo nondo haikatiki, inateleza ndani ya zege. Ikifika 250 °C mshiko unaweza kuwa umepotea kwa asilimia 80 au zaidi.

Sasa piga hesabu ya hiyo rangi. Safu ya mm 1 yenye upitishaji joto wa 0.2 W/mK inazuia joto sawa na mm 6 au 7 za zege. Na kwa kuwa nondo ya mm 12 ni nyembamba na haibebi joto jingi, safu hiyo inaichelewesha kupata joto la zege linaloizunguka kwa kama nusu dakika. Nusu dakika! Tanuri linawaka kutwa nzima. Rangi zinazoumuka, zile za nguzo za chuma, ndiyo kabisa: kazi yake ni kuvimba, na ndani ya zege hazina pa kuvimbia. Ni kuumua andazi ndani ya tofali.

Safu ya saruji au silikati ina faida moja ya kweli: zege likipasuka, inazuia hewa isifikie resini, hivyo resini inaungua polepole. Ila ukiipaka juu ya mchanga uliogandishwa kwenye nondo kiwandani, unaziba ule ukwaruzo unaoshika zege. Unaharibu mshiko kabla moto haujafika. Ukilazimika, paka katikati tu, ncha ziache kama zilivyo.

Hela yako ipeleke chini ya slabu. Plasta ya jasi na vemikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazozuia joto), mm 20–25, inafanya kazi kuliko rangi yoyote juu ya nondo, kwa sababu ni nene, na moto ukizuka, jasi ina maji ndani yake na joto linatumika kuyafukuza kwanza. Ishikilie kwa wavu wa chuma uliofungwa kwa skrubu na plagi za chuma. Plagi za plastiki zinayeyuka na plasta yote inashuka juu ya mikate. Acha pia nafasi ya hewa inayopita kati ya paa la tanuri na slabu.

Usitegemee kava, yaani unene wa zege linalofunika nondo, peke yake. Kwenye moto wa kipimo cha ISO 834, tanuri la majaribio linafika 945 °C baada ya saa moja, na nondo yenye kava ya mm 50 inakuwa imeshapita joto la kulainika. Kinachookoa slabu hapo ni ncha za nondo: zivuke ukuta na kulala kwenye zege lisilopata joto, ili nyuzi zibaki zimeshikwa huku na huku kama kamba. Usiunge nondo juu ya tanuri, hata mahali pamoja. Na fundi asikunje nondo hizi kwa moto wa gesi. Anachoma resini, hakunji kitu. Zikunjwe kiwandani.

Wakati wa kumwaga zege, funga kwenye nondo waya wa kupimia joto wa aina ya K, sehemu mbili au tatu, ncha zake zitokeze nje. Mita ya kawaida ya mafundi umeme yenye sehemu ya joto inausoma. Tanuri likishawaka wiki nzima, joto la nondo libaki chini ya joto la kulainika lililoandikwa kwenye cheti kwa angalau 20 °C. ASTM D7957, kiwango cha Marekani cha nondo za faiba, inataka joto hilo la kulainika liwe angalau 100 °C. Muuzaji akikuonyesha nguvu ya kuvuta tu bila namba hiyo, juu ya tanuri weka chuma, na faiba zipeleke upande wenye chumvi, ambako chuma kingeshika kutu.