Re: Ning'oe sinki la kuogea niweke shawa?

Mkuu, umesema nyumba uliyonunua Area D ina lile sinki refu la kuogea, wewe hulitumii, ila shemeji anataka libaki la kuogeshea watoto. Mimi ningeling'oa. Likijaa linakula lita 150 na zaidi, wakati shawa ya kawaida ya dakika tano haifiki nusu yake. Kwa Dodoma yetu yenye mgawo wa maji, hiyo si hesabu ya kupuuza. Mtoto beseni linamtosha, shemeji atanisamehe.

Ila kabla ya kuita fundi, angalia tangi. Kama huna pampu, nguvu ya shawa inatokana na urefu wa maji juu yake, na kila mita moja inakupa kama bar 0.1 tu (bar ni kipimo cha msukumo wa maji). Tangi likikaa kwenye mnara wa mita tatu na shawa ikawa mita mbili, utaogea matone. Pandisha mnara au weka pampu ndogo.

Kazi kubwa iko sakafuni. Sinki likitoka, mara nyingi unakuta chini zege tupu lisilo na mteremko. Fundi apake dawa ya kuzuia maji kabla ya tailizi, aipandishe ukutani hadi juu ya shawa, na aache mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji machafu. Mwaga ndoo nzima yeye akiwa hapo hapo, ndipo umlipe.

Maji ya visima vyetu yana chumvi, kwa hiyo nunua kichwa cha shawa kinachofunguka. Kikiziba unakiloweka kwenye siki.