Tairi kubwa linagusa? Paka chaki kabla hujamruhusu fundi akate

Nilikuwa huku Kigoma, njia ya Simbo kwenda Ilagala, nyuma nimepakia madumu thelathini ya mawese, niliposikia harufu ya mpira unaoungua. Nikajua ni breki. Nimeshuka, breki ziko salama, ila tairi la mbele kushoto limechongwa begani mchirizi wa upana wa kidole, na plastiki ya ndani ya madigadi imetoboka. Hilux ile ilikuwa na wiki mbili tu tangu itoke gereji: imenyanyuliwa inchi 2 na kuvishwa matairi ya 285/70R17 badala ya 265/65R17 iliyokuja nayo. Fundi alikuwa ameniambia, "Bosi, ukishanyanyua, nafasi ipo."

Nafasi ipo gari likiwa limesimama. Springi ndefu hainyanyui kitu pale gurudumu linapopanda kwenye tuta na mkono wa chini ukaenda juu mpaka kugonga kile kipande cha mpira kinachouzuia. Kama kipande hicho ni kilekile cha zamani, gurudumu linapanda palepale lilipokuwa likipanda zamani, sasa likiwa limevaa tairi nene. Piga hesabu uone: 265/65R17 ina kipenyo cha milimita 776 hivi, 285/70R17 inafika 831. Tairi limekaribia bati kwa milimita 27 kila upande, na upana umeongezeka milimita 20. Ukiongeza mzigo, springi zinashuka na ile inchi 2 uliyolipia inaliwa. Dumu moja la lita 20 la mawese lina kilo 18 hivi, kwa hiyo mimi nilikuwa na zaidi ya nusu tani mgongoni.

Niliporudi mjini, gereji ya kwanza pale Mwanga walikuwa tayari wameshika grainda. Namshukuru mzee mmoja wa Ujiji aliyenizuia. Alinunua chaki za shuleni, akapaka mabega ya matairi yote mawili ya mbele, akaniambia nikate usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto, kwenda mbele na kurudi nyuma. Halafu akanipandisha gurudumu moja kwenye kichuguu, gari likiwa na mzigo uleule, tukarudia. Popote kwenye bodi palipopakazwa weupe wa chaki ndipo panapogusa. Kwangu palikuwa sehemu mbili tu: mpira wa kuzuia matope, na plastiki iliyo nyuma ya gurudumu, karibu na kile kikono cha chesesi kinachobeba kebini. Bampa, ambalo gereji ile ilitaka kulikata, halikuwa na hata alama moja. Fanya jaribio hili hata kama unaona kwa macho panapogusa. Kurudi nyuma usukani ukiwa umekatwa mwisho kunafichua mengi kuliko kwenda mbele.

Baada ya hapo anza na alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu, kwa sababu haiharibu kitu. Gari lenye mikono huru mbele, yaani kila gurudumu linapanda na kushuka peke yake, likinyanyuliwa, kasta (mlalo wa mhimili ambao gurudumu linageukia) inapungua: usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na gari linatangatanga barabarani. Ukimwambia fundi asogeze wishboni ya chini, ule mkono wa chini, mbele kwa zile boliti zenye kamu (ukizizungusha zinausogeza mkono), unapata faida mbili kwa mpigo. Kasta inarudi, na gurudumu linasogea mbele kidogo, mbali na kikono cha kebini. Kwangu hatua hii ilimaliza zaidi ya nusu ya tatizo. Plastiki tuliipasha moto taratibu tukaisukuma ndani, mpira wa matope tukaupunguza, na mshono wa bati ulio nyuma ya plastiki tukaulaza kwa nyundo kisha tukaupaka rangi usije ukala kutu.

Spesa, vile vipande vya chuma vinavyowekwa kati ya rimu na habu kulitoa gurudumu nje, ndizo zinazoniuma roho, maana watu wanauziwa kama dawa ya kila kitu. Spesa inasaidia tairi likigusa ndani, kwenye wishboni ya juu au stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari kuyumba. Likigusa nje, kwenye bampa au nyuma ya madigadi, spesa inazidisha, kwa kuwa tairi lililosogea nje huzunguka duara kubwa zaidi unapokata kona. Rimu nazo ni hivyohivyo. Angalia namba ya ET iliyochongwa kwenye rimu, inayoonyesha kwa milimita rimu imekaa ndani au nje kiasi gani: ukitoka ET30 kwenda ET0 umelitoa tairi nje milimita 30. Rimu zilizochomoza zinapendeza picha, lakini ndizo chanzo cha kesi nyingi ninazoziona.

Kukata kikono cha kebini kuwe hatua ya mwisho kabisa. Kinabeba uzito wa watu waliokaa ndani. Kama hakuna budi, tafuta mchomeleaji anayejua kazi, aondoe kona tu, achomelee bamba kufunika palipokatwa, na terminali ya betri itolewe kwanza. Ikiwa tairi linagusa juu gari likidunda, jibu ni kurefusha kile kipande cha mpira cha kuzuia. Unapoteza mchezo kidogo wa gurudumu, unaokoa tairi. Wenye Land Cruiser za ekseli nzima mbele (magurudumu mawili kwenye ekseli moja, si mikono huru) wana boliti ya kuzuia usukani: ukiitoa nje kidogo, gari litahitaji nafasi pana kugeuka, lakini tairi halitagusa.

Ukiwa chini ya gari, kagua mipira ya mafuta ya breki na waya za ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukifunga breki) gurudumu likiwa limening'inia na usukani umekatwa mwisho. Nilikuta waya wangu umevutika kama kamba ya kuanikia nguo.

Spidomita nayo inadanganya sasa: ikisoma 80, wewe uko karibu 86. Na tairi la spea liwe la kipimo kilekile. Mahali pake chini ya bodi huenda lisiingie, kama langu lilivyokataa. Sasa linasafiri nyuma, na nimepunguza madumu mawili.