Sayansi ya kubuni bila roboti inawezekana

Mdogo wangu, umeuliza kama unaweza kutengeneza filamu ya sayansi ya kubuni hapa Moshi bila hela za roboti na vyombo vya angani. Unaweza kabisa. Tafuta Another Earth ya Mike Cahill, ya mwaka 2011. Dunia ya pili inaonekana angani, basi, sayansi karibu yote ndiyo hiyo. Kinachokushika ni yule binti aliyefungwa kwa ajali iliyoua mke na mtoto wa mwanamume mmoja. Akitoka jela anakwenda kumfanyia usafi baba huyo nyumbani kwake, bila kumwambia yeye ni nani. Kila akiingia mle ndani moyo unakudunda. Ilishinda tuzo Sundance, tamasha la filamu la Marekani. Primer ya 2004 nayo ilitengenezwa kwa dola 7,000 tu, ingawa hiyo itakuumiza kichwa.

Wewe Kibo, kilele cha Kilimanjaro, unacho bure. Mrekodi mama anaanika kahawa uani, jioni, mlima umefunguka, na pembeni yake angani inang'aa miezi miwili badala ya mmoja. Asishtuke. Aendelee kugeuza kahawa huku jicho liko kwenye simu, anamsubiri mwanawe apige. Hapo mimi tayari nataka kujua huyo mtoto yuko wapi.