Kijitabu cha sabuni, kundi la kulipia la Telegram, na neno la baba mkwe

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mwanga, hapa Kigoma. Natengeneza sabuni za mawese. Mwaka jana niliandika kijitabu cha PDF kinachofundisha kazi hii, nakiuza shilingi 7,000 kupitia Telegram. Anayetaka zaidi anajiunga na kundi langu la kulipia, 10,000 kwa mwezi, humo nafundisha kila Jumanne na Ijumaa. Mtu akilipa kwa simu, nikiona meseji ya muamala namtumia linki. Baba mkwe anasema nauza upepo, na pesa ya upepo haina baraka. Je, ni kweli? Pia niliugua mwezi mmoja nikakosa vipindi vitatu, ada sikurudisha. Kuna kijana ananishauri niuze uanachama wa maisha kwa 60,000. Baadhi ya picha na maelezo ya kijitabu niliyatoa kwenye video za mtu mwingine. Halafu kuna dogo tu: toleo la kwanza lilikuwa na kosa kwenye kipimo cha kostiki, ile dawa kali ya kugeuza mafuta kuwa sabuni: niliandika gramu 240 kwa kilo ya mawese badala ya 140. Nilisharekebisha, ila walionunua mwanzo sijawaambia.

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu.

Umeliita dogo, ukaliweka mwishoni kama mtu anayeficha deni chini ya mkeka. Mimi naanza nalo, na ningekuomba usiendelee kusoma mengine kabla hujalitekeleza.

Kilo ya mawese inahitaji takribani gramu 140 za kostiki ili mafuta yote yageuke sabuni. Ukitia 240, zile gramu 100 za ziada zinakosa mafuta ya kuyageuza, zinabaki ndani ya kipande zikisubiri kuchoma ngozi ya mtu. Wewe ndiye mtaalamu, unajua hilo kuliko mimi. Kuna mama amenunua kijitabu chako kwa 7,000, amefuata namba yako kwa uaminifu, amemwogeshea mtoto. Tumuombe Mwenyezi Mungu isiwe imetokea. Lakini hujui, na kutojua kwako kumetokana na kunyamaza kwako.

Imepokewa katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita penye rundo la chakula sokoni, akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza mwenye mali, ni nini hiki? Akajibu, kimenyeshewa na mvua ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu. Akamwambia, mbona hukukiweka juu watu wakakiona? Kisha akasema, mwenye kughushi si katika mimi.

Hadithi hii sisi watu wa ziwa hatuhitaji kufafanuliwa sana. Nenda Kibirizi asubuhi. Kuna dagaa walioanikwa juu ya chanja na kuna walioanikwa mchangani, na mnunuzi aliyekomaa hatazami wa juu, anazamisha mkono hadi chini ya fungu, anasugua kiganja, anasikiliza. Kwenye PDF mkono hauzami. Mnunuzi analipa kwanza, anafungua baadaye, na hata akifungua haoni kosa mpaka limchome. Ndiyo maana amana ya muuzaji wa namna yako ni nzito kuliko ya mwenye fungu.

Amepokea Ibn Majah kutoka kwa Uqba bin Amir kwamba si halali kwa Mwislamu kumuuzia ndugu yake kitu chenye kasoro isipokuwa amweleze. Utasema, nilipouza sikujua. Sawa, dhambi ya wakati ule huna. Ulipojua ukanyamaza, hapo ndipo ilipoanzia. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwapo tangu mwanzo ana hiari: abaki na kitu, au akirudishe achukue pesa yake. Kurudisha faili maana yake ni kulifuta, na hilo utamwamini tu, huna la zaidi.

Tena wewe una nafuu ambayo mwenye dagaa hana. Mzigo wake ukishapanda treni kwenda Tabora na kwingineko, hawezi kumjua kila aliyenunua kikombe kimoja. Wewe kila mnunuzi yumo kwenye simu yako, na meseji za miamala zina namba zao. Waandikie leo, mmoja mmoja, usitupie tangazo kwenye kundi ukategemea kila mtu atapita. Andika wazi: namba ya ukurasa fulani ni makosa, sahihi ni 140, kama umeshatengeneza kwa kipimo cha zamani usiitumie, hili hapa toleo jipya bure, na ukitaka pesa yako niambie nikurudishie. Usilivishe maneno ya “maboresho” na “toleo la kisasa”. Maboresho ni kuongeza picha. Hili ni kosa, liite kosa.

Sasa baba mkwe wako.

Mzee wangu huyo simlaumu. Tumekulia katika biashara ya kupima: sado, ndoo, dumu la mawese, mgebuka unaoushika mkiani. Kitu kisicho na uzito kinatia shaka, na matapeli wa mtandaoni wameipa shaka hiyo sababu nyingi. Lakini muulize kwa adabu: akipanda boti kwenda vijiji vya kusini mwa ziwa akalipa nauli, anaposhuka ameshika nini mkononi? Hana kitu. Amenunua manufaa ya kufikishwa, na hakuna shehe aliyewahi kumwambia nahodha anauza upepo. Wanazuoni wa Kishafii wamehesabu manufaa kuwa ni mali, yanauzwa na kukodishwa, yakiwa ya halali na yanajulikana. Na kuhusu kazi ya kalamu hasa, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Kuwait Desemba 1988 likapitisha kwamba haki ya mtunzi juu ya alichokiandika ni haki yenye thamani ya kimali, mwenyewe anaweza kuiuza, na haijuzu kumnyang’anya.

Kuhusu mkataba wenyewe, wewe hapa na mnunuzi Kasulu, hamuonani: hakuna tabu. Ijabu na kabuli, yaani tamko la kuuza na jibu la kukubali, hupatikana kwa maandishi. Hata kuuziana kwa kupeana tu bila tamko, ambako baadhi ya wakubwa wa madhehebu walikukataa, Imamu Nawawi, naye mwanachuoni mkubwa wa Kishafii, alichagua kwamba kunasihi maadamu watu wanakuhesabu kuwa ni kuuziana. Tangazo lako lenye bei ni tamko, muamala wake ni jibu. Basi 7,000 ya kijitabu ni halali, ukikisafisha na yale mawili, la kipimo na la picha ambalo nitalifikia.

Kundi la kulipia ni jambo jingine, na hapa naona wengi wanachanganya. Kijitabu ni kuuza: umetoa, umepokea, mmeachana. Ada ya mwezi si kuuza, ni ijara. Wamekuajiri. Kila aliyemo ndani ya kundi ni mwajiri wako kwa siku 30, ingawa anakuita mwalimu na anakuombea dua kwa alama za mikono. Aliyeajiriwa hula ujira kwa kazi aliyoifanya.

Sasa, vile vipindi vitatu. Ungeweza kujitetea kwamba kundi halikufungwa, mafundisho ya nyuma yalikuwamo, watu waliendelea kuyatazama. Utetezi huo ungefaa kama tangazo lako lingesema “lipa uingie usome yaliyomo”. Lakini uliahidi Jumanne na Ijumaa, na Mwenyezi Mungu anatuamuru mwanzoni mwa Suratul Maida tutimize mikataba. Walilipia mafundisho. Tuchukue mwezi wenye vipindi 8: 10,000 ukigawa kwa 8 ni 1,250, na vitatu ni 3,750. Hiyo ndiyo haki ya kila mmoja iliyo mkononi mwako. Ugonjwa unakuondolea lawama, haukupi ujira wa kazi ambayo haikufanyika.

Waliobaki kundini waambie utawafidia vipindi vitatu, wakiridhia yamekwisha. Waliokwisha kutoka warudishie pesa zao, na gharama ya kutuma ubebe wewe. Wapo watakaosema “tumekusamehe mwalimu, pole kwa kuumwa”, na hao Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini asemaye ndiye aliyesamehe. Aliyekaa kimya hujasamehewa naye, amenyamaza tu, pengine hata hakumbuki kwamba anakudai.

Kuanzia sasa andika sharti mapema kabisa, kabla mtu hajalipa: mwalimu akiugua itakuwaje, mtu akitaka kutoka katikati ya mwezi itakuwaje. Likiandikwa na wakaridhia, linawafunga wao na wewe. Sharti linaloletwa baada ya pesa kuingia halimfungi mtu.

Huyo kijana wa “uanachama wa maisha” mwambie akujibu swali moja: maisha ya nani? Ya mwanachama? Yako? Ya kundi? Telegram yenyewe ilianza 2013, ina umri mdogo kuliko wengi wa wanafunzi wako, na akaunti inaweza kupotea kwa laini ya simu iliyoibwa tu. Katika ijara muda lazima ujulikane, na hapa haujulikani hata na wewe unayeuza. Huo ndio gharari, yaani kuuziana kisichojulikana. Na mimi, pamoja na hukumu, nina wasiwasi wa kibinadamu: watu 40 wakikulipa 60,000 kila mmoja mwezi huu, pesa itakwenda kwenye bati na ada za shule, na mwaka wa tatu utakuwa unafundisha Jumanne na Ijumaa bila kuingiza hata mia, ukiwachukia walewale waliokuamini. Ukitaka kuchukua pesa nyingi kwa pamoja, tenganisha. Yale mafundisho yaliyokwisha kurekodiwa wauzie moja kwa moja, wayapakue yakae kwenye simu zao. Kuuliza maswali na kujibiwa, waandikie miezi 6 au mwaka, tarehe ijulikane.

Nimeulizwa na wengine pia kuhusu zile Nyota za Telegram, ambazo tangu 2024 zinaweza kutozwa kama ada ya chaneli kila mwezi. Naziona kama vocha: mtu anazinunua kwa pesa, anazitumia ndani ya programu. Sioni kizuizi kwenye asili yake. Ninachokitazama ni kwamba ada ile hujirudia yenyewe mpaka mtu aisitishe, na wapo wanaokatwa bila kukumbuka. Aya ya 29 ya Suratun Nisaa inataka biashara iwe kwa kuridhiana, na ridhaa ya mtu aliyesahau ina walakini. Ukija kuitumia njia hiyo wakumbushe kabla ya makato, hata kama watapungua.

Picha na maelezo ya mtu mwingine: hapa usiogope kupita kiasi wala usijipumbaze. Elimu ya kupika sabuni kwa mawese haina mwenyewe, na huyo wa kwenye video naye alifundishwa na mtu. Chake ni maneno yake na picha zake. Sheria ya nchi yetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inakwenda njia hiyohiyo: inalinda namna jambo lilivyoelezwa, wazo lenyewe hailifungii. Kwa hiyo toa picha zake leo. Washa jiko lako, piga picha za sufuria yako, andika maelezo kwa mdomo wako mwenyewe. Na nakuhakikishia wanunuzi watapenda zaidi kuona moshi wa Mwanga kuliko meza ya kioo ya sijui wapi. Kisha mwandikie mwenye video, mwambie ulichochukua na umekiuza kiasi gani, umuombe radhi. Akikusamehe, alhamdulillahi. Akitaka fungu lake, mpatane, mlipe. Usipompata baada ya kumtafuta kweli, toa sadaka kwa kiasi unachokadiria kinatokana na kazi yake, kwa nia ya thawabu zimfikie yeye, na siku akitokea ana haki ya kukudai.

Neno la pembeni ambalo hukuniuliza. Wanaume watakuwemo kundini, na baadhi wataacha swali la sabuni waje faragha na maswali mengine. Wajibu palepale kwenye kundi, mbele ya watu.

Ule ujumbe wa kipimo utume leo, kabla ya Magharibi ukiweza. Atakayejibu kwamba aliungua, au mtoto wake, mpe pole, mwambie aende kituo cha afya, na gharama yake uwe tayari kuibeba. Usibishane naye kwenye simu juu ya kiasi cha pesa. Njoo na mumeo hapa Ujiji baada ya Alasiri, tukae tulitazame hilo kwa jinsi lilivyo.

Wallahu aalam.