Barua kwa mwanangu: utamaduni haujatufunga

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimefurahi kwamba bado unaniletea maswali yako, hata sasa una kazi na nyumba yako. Umeniuliza mawili. Kwanza, je, ni kweli kama alivyokuambia mwenzako kazini kwamba nchi maskini zimekuwa maskini kwa sababu ya utamaduni wake? Pili, je, urafiki wako na watu wa mataifa mengine utadumu, maana kila siku mnakwazana kwa mambo madogo? Naanza na la kwanza kwa sababu limeniuma.

Tazama Korea. Hadi 1945 ilikuwa nchi moja, yenye lugha moja, mababu wale wale, na heshima ile ile kwa wazee na kwa elimu. Kisha ikagawanywa. Mwaka 1996 Korea Kusini ilikubaliwa kuingia OECD, jumuiya ambayo wengi wa wanachama wake ni nchi tajiri. Miaka hiyo hiyo Kaskazini watu walikuwa wanakufa kwa njaa. Kama utamaduni ndio unaoamua, tofauti hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwenye utawala na sera.

Isitoshe, wanaotoa hukumu hizo hubadilika kufuata matokeo. Mwanzoni mwa karne ya 20, msomi wa Kijerumani Max Weber aliandika kwamba mafundisho ya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, yalikwamisha ubepari kukua nchini China. Kufikia miaka ya 1980, wachambuzi wengine walikuwa wakiyasifu mafundisho hayo hayo kuwa ndiyo yaliyoinua Asia ya Mashariki. Mimi hapo naona watu wanaotafuta sababu baada ya kuona nani ameshinda.

Lakini usinielewe vibaya, sisemi kwamba utamaduni ni kitu kidogo. Una nguvu kubwa sana, hasa katika yale tunayoyaona ya kawaida. Kwa karne nyingi wasichana wa China walikuwa wakifungwa miguu kwa vitambaa vya kubana tangu utotoni ili ibaki midogo, mifupa ikapinda, wakaishi na maumivu. Waliowafunga ni mama zao waliowapenda. Kila mama alijua kwamba akimwacha binti yake bila kumfunga, hataolewa, kwa kuwa wenzake wote wanafunga. Wamanchu, watu wa kaskazini walioitawala China, walipiga marufuku desturi hiyo katika karne ya 17 na hawakufua dafu. Mwishoni mwa karne ya 19 vikazuka vyama ambamo wazazi waliahidiana kwamba hatutawafunga binti zetu, na wana wetu hawataoa waliofungwa. Hofu ya kubaki peke yako ikakosa mashiko, na katika miongo michache desturi iliyodumu karne nyingi ikafifia karibu kila mahali. Tangu 1997 vijiji vingi vya Senegal vimefanya jambo la namna hiyo kwa kutangaza hadharani, kwa pamoja, kwamba vinaacha ukeketaji.

Najua wazee wenzangu watanijibu kwamba mwacha mila ni mtumwa. Naiheshimu methali hiyo. Ila akina mama wale hawakuacha kuwa Wachina. Waliacha jambo moja lililowaumiza watoto wao, wakabaki na lugha, mashairi na sherehe zao. Ndiyo maana siwaamini wataalamu wa maendeleo wanaofika mahali na kuona mila nzima kama kikwazo cha kuondoa. Mabadiliko yaliyodumu yamefanywa na wenye mila yao, wakiwa pamoja na kwa lugha yao.

Sasa urafiki. Ufaransa na Ujerumani zilipigana vita vikubwa vitatu kati ya 1870 na 1945. Watoto walilelewa kumchukia jirani. Mwaka 1963 Rais wa Ufaransa Charles de Gaulle na Kansela wa Ujerumani Magharibi Konrad Adenauer wakatia saini mkataba wa ushirikiano, na mwaka huo huo ikaanzishwa ofisi ya kupeleka vijana upande wa pili kusoma, kucheza na kufanya kazi pamoja. Mamilioni wamepita humo. Mwanasaikolojia Gordon Allport alikuwa ameshaeleza mwaka 1954 kwamba kukutana tu hakutoshi kuondoa chuki. Chuki hupungua watu wanapokuwa na hadhi sawa, wakitafuta lengo moja kwa kushirikiana, na wenye mamlaka wakiwaunga mkono.

Kwa hiyo mwanangu, chai ya ofisini na picha za pamoja hazitawafikisha mbali. Tafuteni kazi ya kufanya pamoja, ambayo hakuna anayeiweza peke yake. Na huyo rafiki anayekujibu "hapana" bila kuzunguka, ambaye umeandika kwamba anakudharau, huenda kwake huo ndio uaminifu. Nawe unaponyamaza ili usimuumize, huenda anadhani unamficha jambo. Mwambie wazi kwamba ukimya wako ni heshima, na umwulize yake anaionyeshaje.

Yule wa kazini usimsuse. Mwulize kuhusu Korea kwa upole, mkiwa wawili, si mbele ya watu. Kisha uniandikie alivyojibu.

Mzazi wako akupendaye.